SOMO LA 7: Moyo wa Mfalme na Nyumba ya Mungu

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Isaya 44:24–45:7, Ezra 1, Ezra 4:1-5, Ezra 5 na 6, Ezra 8:21-32, Nehemia 2:1-10, Nehemia 5, Nehemia 13:4-14.

Fungu la Kukariri: Mithali 21:1. Lisome katika Biblia yako kila siku juma hili, mpaka uweze kulisema bila kuangalia.

Mkulima anayemwagilia shamba hayaelezi maji kwamba mbele kuna mahindi. Huchukua jembe, huondoa tope mahali hapa, huziba mahali pale, na maji hufuata mfereji mpaka kwenye mche ulionyauka. Huo ndio mfano ambao Sulemani anautumia anaposema juu ya moyo wa mfalme katika mkono wa Bwana.

Lakini mfalme si maji. Ana mapenzi yake, ana washauri wake, ana hesabu zake za kisiasa, na mara nyingi ana miungu yake. Kwa karibu miaka mia moja, kuanzia Koreshi hadi Artashasta, watu wa Mungu waliishi chini ya wafalme wa Uajemi ambao hawakuwa wa imani yao. Wafalme hao walitoa amri ya kujenga hekalu, wakatoa fedha na miti, na pengine wakasimamisha kazi kwa barua moja. Katikati ya mambo hayo walisimama viongozi wa Mungu wa namna mbalimbali: Zerubabeli liwali, Yeshua kuhani mkuu, Hagai na Zekaria manabii, Ezra mwandishi, na Nehemia mnyweshaji wa mfalme.

Juma hili tutajifunza jinsi viongozi hao walivyoshughulika na watawala wa imani nyingine. Tutaona walipopokea msaada, walipoukataa, na walipoona haya hata kuuomba. Tutaona pia jinsi kuhani mmoja alivyompa mwanasiasa chumba ndani ya nyumba ya Mungu, na hasara iliyofuata.

*Jifunze somo la juma hili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Mfalme Asiyemjua Mungu

Soma Isaya 44:28–45:5 na Ezra 1:1-11. Isaya anamwita Koreshi kwa majina gani ya heshima? Ni jambo gani linarudiwa mara mbili kuhusu ujuzi wa Koreshi juu ya Mungu?

______________________________________________

Mwezi wa Oktoba, mwaka 539 K.K., majeshi ya Koreshi yaliingia Babeli. Karibu miaka 150 kabla ya siku hiyo, nabii Isaya alikuwa amemtaja kwa jina, akamwita mchungaji wa Bwana, tena mtiwa mafuta wake. Katika Israeli, wafalme na makuhani ndio waliotiwa mafuta. Sasa jina hilo linapewa mtu wa taifa jingine na wa ibada nyingine. Isaya haongezi chumvi katika habari za dini ya mfalme huyo. Mara mbili anasema wazi kwamba Koreshi hakumjua Bwana.

Mwaka 1879, katika magofu ya Babeli, lilichimbuliwa gogo dogo la udongo lenye umbo la pipa, limeandikwa kwa niaba ya Koreshi. Leo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Katika maandishi hayo, anayesifiwa kwa kumchagua Koreshi ni Marduki, mungu wa Babeli. Yanaeleza pia kwamba mfalme alirudisha miungu ya mataifa mahali pake pa ibada na kuwarudisha watu kwao. Wayahudi hawatajwi humo. Lakini tangazo la Ezra 1 linakubaliana na desturi hiyo ya mfalme: kila taifa lirudishiwe ibada yake, na kila taifa liuombee ufalme.

Wengine husikia habari hizo wakafadhaika. Huuliza, ikiwa Koreshi alimsifu Marduki mbele ya Wababeli, na kumtaja Bwana mbele ya Wayahudi, je, tangazo la Ezra si siasa tu? Biblia haituamuru kukana kwamba ilikuwa siasa. Ezra 1:1 inasema Bwana aliiamsha roho ya Koreshi. Mfalme alikuwa na sababu zake, na Mungu alikuwa na neno lake alilolinena kwa kinywa cha Yeremia. Mfalme alitaka amani katika majimbo yake. Mungu alitaka nyumba ya ibada mahali ambapo Masihi angekuja kufundisha. Amri ilikuwa moja, na makusudi mawili yalipita ndani yake.

Kwa hiyo tusifanye makosa mawili. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba Mungu hawezi kufanya kazi mpaka mtawala awe mwumini. Kosa la pili ni kudhani kwamba mtawala anayewatendea mema watu wa Mungu tayari amekuwa nabii. Vyombo 5,400 vya dhahabu na fedha vilirudi Yerusalemu, na Koreshi akabaki Koreshi.

Je, umewahi kupata msaada kutoka kwa mtu ambaye hakujua kwamba alikuwa jibu la maombi yako? Jambo hilo lilikufundisha nini kumhusu Mungu?

JUMATATU

Jirani Aliyekataliwa, Mfalme Aliyekubaliwa

Soma Ezra 4:1-5, 2 Wafalme 17:29-34 na Ezra 6:19-22. Kwa nini Zerubabeli na Yeshua walikataa msaada wa majirani, lakini wakapokea msaada wa mfalme? Ni akina nani walioshiriki Pasaka?

______________________________________________

Hili ni swali gumu, wala tusilipite haraka. Watu 42,360 walirudi kutoka uhamishoni, bila kuhesabu watumishi wao. Walikuwa wachache, maskini, na nchi ilikuwa imeharibika. Majirani wakaja na maneno mazuri: tujenge pamoja, kwa maana sisi pia tunamtafuta Mungu wenu. Nani angekataa mikono zaidi kwenye ujenzi? Lakini viongozi walikataa, na kwa sababu hiyo wakapata maadui waliowakodishia washauri wa kuvunja shauri lao siku zote za Koreshi.

Ukitazama kwa juu juu, utaona kama viongozi hawa walijipinga wenyewe. Mfalme wa Uajemi hakuwa wa imani yao, na bado walichukua miti yake. Majirani walidai kuwa wa imani yao, nao wakakataliwa. Tofauti ilikuwa katika kile kilichoombwa. Mfalme alitoa vifaa na ruhusa, kisha akawaachia Wayahudi madhabahu yao wamwabudu Mungu kama Torati ilivyoagiza. Majirani waliomba kuwa wajenzi wa ibada yenyewe. Na 2 Wafalme 17 inaeleza ibada yao ilivyokuwa: walimcha Bwana, na papo hapo waliitumikia miungu yao. Mtu aliyejenga nyumba angekuwa na neno juu ya yale yanayofanyika ndani yake.

Hata hivyo, tunahitaji kusoma mpaka Ezra 6:21. Hekalu lilipomalizika, Pasaka iliandaliwa, na mezani hawakuketi waliotoka uhamishoni peke yao. Walikuwapo pia wote waliojitenga na uchafu wa mataifa ili kumtafuta Bwana. Basi kilichokataliwa katika sura ya 4 hakikuwa kabila la watu wala lugha yao. Mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu aliyetaka kumwabudu Mungu kwa moyo mmoja. Uliofungwa ni mlango wa kumchanganya Mungu na miungu mingine.

Karne kadhaa baadaye, uadui kati ya Wayahudi na Wasamaria ulikuwa umekua mpaka watu hawakutaka kuchangia hata chombo cha maji. Yesu alipoketi kisimani pale Sikari, alisema kweli juu ya ibada bila kuficha, na bado aliomba maji katika mkono wa mwanamke Msamaria (Yohana 4). Kusimama imara katika imani si ruhusa ya kumdharau jirani.

Katika mtaa wako kuna watu wa imani nyingine. Ni mambo gani mnaweza kufanya pamoja nao bila shida yoyote, kama vile kisima, barabara, msiba au usalama wa mtaa? Ni mahali gani mnapaswa kusema hapana, na kwa maneno gani?

JUMANNE

Swali la Liwali

Soma Ezra 5:1-17 na 6:1-12. Tatenai aliuliza maswali gani? Wazee wa Wayahudi walijibuje? Barua yake kwa mfalme inatofautianaje na barua ya Rehumu katika Ezra 4:11-16?

______________________________________________

Kazi ya hekalu ilikuwa imesimama kwa miaka mingi. Mwanzoni watu walizuiwa na maadui, lakini polepole wakazoea. Hagai aliwakuta wakikaa katika nyumba zilizopambwa kwa mbao huku nyumba ya Bwana ikiwa gofu. Mwaka wa pili wa Dario, yaani mwaka 520 K.K., manabii Hagai na Zekaria waliwahimiza, nao wakaanza tena.

Mara akaja Tatenai, liwali wa ng'ambo ya Mto. Huyu si jina la hadithi. Kibao cha udongo cha Babeli cha mwaka 502 K.K. kinamtaja mtawala wa jina hilo katika jimbo hilo hilo. Akauliza: Nani aliyewapa ruhusa? Majina ya wanaojenga ni nani?

Ni swali ambalo makanisa mengi yamewahi kuulizwa. Ofisa anasimama penye msingi, faili mkononi, na mzee wa kanisa anaitwa atoke ndani. Hapo hujulikana kama kuna uongozi au hakuna. Wengine hukasirika na kusema wanamtii Mungu, si wanadamu. Wengine hutafuta bahasha. Wazee wa Yuda hawakufanya hivyo wala hivyo. Walijitambulisha kwanza kuwa watumishi wa Mungu wa mbingu na nchi. Wakakiri, mbele ya mtawala wa taifa jingine, kwamba nyumba ya kwanza iliharibiwa kwa sababu baba zao walimkasirisha Mungu. Kisha wakataja amri: Koreshi, mwaka wake wa kwanza, vyombo vilivyokabidhiwa kwa Sheshbaza. Wakaeleza neno kwa neno, na mambo waliyoyasema yangeweza kuchunguzwa.

Tatenai naye anastahili kutazamwa. Ezra 5:5 inasema jicho la Mungu liliwaangalia wazee, na kazi haikusimamishwa wakati barua ikiwa njiani. Barua yenyewe ni ya haki. Inaeleza aliyoyaona, inanukuu jibu la wazee bila kulipotosha, na inaomba kumbukumbu zitafutwe. Tofauti na hiyo, Rehumu, katika siku za Artashasta, alianza kwa kujisifu kwamba anakula chumvi ya nyumba ya mfalme, kisha akatumia jambo la kweli, yaani maasi ya zamani ya Yerusalemu, ili kuzaa matokeo mabaya. Maofisa wote wawili walikuwa wa serikali moja. Basi si haki kuwahukumu watumishi wote wa serikali kwa kosa la mmoja.

Kumbukumbu ilitafutwa Babeli, lakini gombo likaonekana Akmetha, katika nchi ya Umedi, kwenye jumba la mfalme. Kama mwandishi fulani wa Koreshi asingeandika vizuri, na mtunza nyaraka asingeliweka mahali salama, wazee wangebaki na maneno matupu. Mungu aliyewatuma manabii alitumia pia sanduku la nyaraka. Dario hakuruhusu ujenzi tu. Aliagiza gharama zitolewe katika kodi ya jimbo lile lile la Tatenai, na akaomba Wayahudi wamwombee yeye na wanawe. Mwaka wa sita wa Dario, mwaka 515 K.K., nyumba ikamalizika.

Hati ya kiwanja cha kanisa lenu iko wapi? Cheti cha usajili na kumbukumbu za mikutano ya baraza anazitunza nani? Kwa nini kazi ya katibu wa kanisa ni sehemu ya ushuhuda wetu mbele ya watawala?

JUMATANO

Ezra Aliona Haya, Nehemia Hakukataa

Soma Ezra 8:21-32 na Nehemia 2:1-10. Kila mmoja alifanya nini kuhusu walinzi wa njiani? Je, mmoja wao alikosa imani?

______________________________________________

Mwaka wa saba wa Artashasta, yaani mwaka 457 K.K., Ezra aliongoza msafara kutoka Babeli. Amri ya mwaka huo inajulikana sana kwetu, kwa maana ndipo tunapoanza kuhesabu majuma 70 ya Danieli 9 na siku 2,300 za Danieli 8:14. Lakini kabla haijawa tarehe katika chati ya unabii, ilikuwa safari ya miezi minne ya watu wenye watoto. Walibeba talanta 650 za fedha na talanta 100 za dhahabu, na talanta moja ilikuwa na uzito wa karibu kilo 30. Mnyang'anyi yeyote angefurahi kukutana nao.

Ezra angeweza kuomba askari, lakini aliona haya. Alikuwa amekwisha kumwambia mfalme kwamba mkono wa Mungu uko juu ya wote wamtafutao. Je, sasa arudi kuomba wapanda farasi? Basi wakafunga na kuomba penye mto Ahava, na Mungu akawasikia. Tena angalia hekima yake: kabla ya kuondoka alipima fedha na kuwakabidhi makuhani, na walipofika ilipimwa tena, kwa hesabu na kwa uzito. Kumtumaini Mungu juu ya wanyang'anyi hakukumzuia kutaka hesabu kutoka kwa ndugu zake.

Miaka 13 baadaye, mwaka 444 K.K., Nehemia alitoka Shushani, kwa ruhusa ya mfalme yule yule, akielekea mji ule ule. Yeye alifuatana na maakida wa jeshi na wapanda farasi, akiwa na barua kwa maliwali na barua nyingine kwa mtunza msitu wa mfalme apewe miti. Biblia haimlaumu. Kabla hajamjibu mfalme alimwomba Mungu wa mbinguni, na alipopewa kila alichoomba, alisema ni kwa sababu ya mkono mwema wa Mungu wake.

Viongozi wawili, mfalme mmoja, Mungu mmoja, na maamuzi mawili tofauti. Ezra alikuwa mwalimu wa Torati ambaye tayari alikuwa ameshuhudia jambo fulani mbele ya mfalme, na ushuhuda huo ulimfunga. Nehemia alikuwa mtumishi wa serikali aliyetumwa kwa kazi ya serikali, akielekea kwa maadui waliokuwa na vyeo. Kama Nehemia angekataa walinzi, huenda ingekuwa kiburi. Kama Ezra angewaomba, ungekuwa usaliti wa maneno yake mwenyewe.

Jambo hili linapaswa kutufanya wapole tunapohukumiana. Mwadventista mmoja ameitwa kufundisha darasa la ubatizo. Mwingine yuko katika ofisi ya serikali, na kila siku anakaa meza moja na watu wa imani mbalimbali. Swali la kuwauliza wote wawili ni moja: Je, mfalme akiangalia unavyotenda, ataona kwamba Mungu uliyemsema ndiye unayemtegemea?

Soma Yeremia 29:7. Unaombeaje viongozi wa nchi unayoishi, wakiwamo wale usiowapenda au ambao si wa imani yako?

ALHAMISI

Meza ya Liwali na Chumba cha Tobia

Soma Nehemia 5:1-19 na Nehemia 13:4-14. Linganisha meza ya Nehemia na chumba alichopewa Tobia. Ni nani aliyefaidika katika kila habari, na ni nani aliyeumia?

______________________________________________

Wakati ukuta unajengwa, kilio kilisikika ndani ya mji. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba yao ili kununua nafaka, na wengine walikopa fedha za kulipa kodi ya mfalme. Mabinti zao walikuwa wameanza kuwa watumwa. Waliowakopesha hawakuwa Waajemi; walikuwa ndugu zao, wakuu wa Yuda. Nehemia aliwakemea mbele ya mkutano mkubwa, na moja ya sababu zake ilikuwa shutuma ya mataifa yaliyowazunguka. Watu wa imani nyingine walikuwa wanatazama jinsi watu wa Mungu wanavyotendeana.

Yeye mwenyewe alikuwa na haki ya kisheria ya kutoza chakula cha liwali. Maliwali waliomtangulia walichukua chakula na divai, na shekeli 40 za fedha juu yake. Kwa miaka 12 Nehemia hakuchukua. Badala yake alilisha watu 150 mezani pake, pamoja na wageni waliotoka kwa mataifa. Kila siku walichinjwa ng'ombe mmoja na kondoo sita wazuri, pamoja na kuku. Alisema hakutoza kwa sababu ya hofu ya Mungu, na kwa sababu utumwa wa watu hawa ulikuwa mzito.

Kisha Nehemia akarudi kwa mfalme kwa muda. Eliashibu kuhani alikuwa na ukaribu na Tobia, yule Mwamoni aliyepinga ujenzi tangu mwanzo. Tobia alikuwa mtu mwenye uhusiano mkubwa; wakuu wengi wa Yuda walikuwa wamefungamana naye kwa viapo na kwa ndoa (Nehemia 6:17-19). Basi kuhani akamtengenezea chumba kikubwa katika nyua za nyumba ya Mungu. Chumba hicho hakikuwa kitupu zamani. Ndimo zilimowekwa zaka za nafaka, divai na mafuta, fungu la Walawi na waimbaji.

Hatuambiwi Tobia alilipa nini. Labda palikuwa na ahadi ya ulinzi, au ni heshima tu ya kuwa na mtu mkubwa karibu. Lakini tunaambiwa matokeo: Walawi hawakupata posho yao, wakaikimbia kazi, kila mtu shambani kwake. Nyumba ya Mungu ilipata rafiki mkubwa na kupoteza watumishi wake. Nehemia aliporudi alikitupa nje chombo kwa chombo, akaagiza chumba kisafishwe, kisha akarudisha sadaka na kuweka watunza hazina walioaminika.

Fikiria kanisa ambalo limekwama kwenye upauaji. Kura zimekaribia, na mgombea mmoja anajitolea kuleta mabati yote. Anaomba jambo dogo tu: Sabato moja, dakika kumi mimbarani kabla ya hubiri. Baraza linakaa. Mhazini anataja deni. Mzee mmoja anasema Mungu alimtumia Koreshi, kwa nini asimtumie mheshimiwa huyu? Ni swali la haki, na somo la juma hili linasaidia kulijibu. Koreshi na Dario walitoa miti, na kuhani akabaki madhabahuni. Tobia alihitaji chumba. Msaada wa mtu yeyote, wa imani yoyote, unaweza kupokelewa kwa shukrani na kwa risiti. Lakini mabati yakiomba mimbari, kanisa halijapewa msaada, limepangisha chumba. Na katika viti vya kanisa hilo wameketi washiriki wa vyama tofauti, ambao Sabato hiyo watajiuliza kama hapa bado ni kwao.

Je, katika maisha ya kanisa lenu kuna "chumba" kilichotolewa kwa mtu kwa sababu ya ukubwa wake? Kukisafisha kutagharimu nini, na kutokisafisha kutagharimu nini?

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Katika kisiwa cha Elephantine, kwenye mto Nile kusini mwa Misri, kulikuwa na kambi ya askari Wayahudi waliotumikia mfalme wa Uajemi. Walikuwa wamejijengea hekalu lao huko, ingawa Torati iliagiza mahali pamoja pa kutoa dhabihu. Mwaka 410 K.K. makuhani wa mungu wa Kimisri aitwaye Khnum, wakisaidiwa na mkuu wa eneo, waliliharibu. Barua waliyoandika mwaka 407 K.K. ilihifadhiwa katika mafunjo, na iligunduliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Iliandikwa kwa Bagohi, liwali wa Yuda, na inaeleza kwamba wameandika pia kwa wana wa Sanbalati, liwali wa Samaria. Ndiyo, Sanbalati yule wa kitabu cha Nehemia.

Ndani ya barua kuna malalamiko ya kusikitisha. Wanasema hapo awali walikwisha kuandika kwa kuhani mkuu wa Yerusalemu na makuhani wenzake, na hawakupata jibu. Maliwali wa Yuda na Samaria ndio waliojibu. Huenda makuhani walinyamaza kwa sababu hawakukubaliana na hekalu lile. Lakini ndugu aliyekosea na anayelia anahitaji jibu, hata kama jibu hilo ni la kumwonya. Viongozi wa dini wakinyamaza, watu watakwenda kutafuta majibu kwa wanasiasa.

Tangu Koreshi mpaka Artashasta, watu wa Mungu hawakumchagua mfalme hata mmoja. Walilipa kodi, waliomba kwa ajili ya watawala, walijibu maswali yao kwa adabu na kwa ukweli. Hawakuwaomba wafalme wawafundishe kuabudu. Na hekalu walilolijenga kwa amri za wafalme watatu wa kigeni liliachwa tupu kwa habari ya kiti cha enzi cha duniani, likimsubiri Mfalme mwingine. Alipokuja, aliingia Yerusalemu juu ya mwana-punda, akawafukuza wafanya biashara nyuani, na siku chache baadaye akasimama mbele ya liwali wa Kirumi akisema kwamba ufalme wake hautoki hapa (Yohana 18:36).

Maswali ya Kujadili:

1. Ezra 6:10 na 7:23 zinaonyesha kwamba wafalme walitaka maombi kwa ajili yao na wana wao. Darasani, jadilini: je, nia isiyo kamili ya mtoaji inaharibu zawadi? Ni wakati gani inaiharibu?

2. Artashasta alimpa Ezra mamlaka ya kuwaadhibu wasioitii sheria, hata kwa kifo na kifungo (Ezra 7:26). Linganisha na Ezra 9:3-6 na 10:1, jinsi alivyoanza kazi yake kwa kufunga na kulia. Pana hatari gani kanisa linapotumia nguvu za serikali kulazimisha dhamiri? Kwa nini tunatetea uhuru wa dini wa watu wa imani nyingine, si uhuru wetu peke yetu?

3. Mshiriki wenu amechaguliwa kuwa diwani au ameteuliwa katika ofisi ya serikali. Darasa litamsaidiaje awe Nehemia na si Tobia? Ni maswali gani mnapaswa kumwuliza kwa upendo, na ni mizigo gani hampaswi kumtwika?

4. Soma tena mfano wa kanisa lililokwama kwenye upauaji. Kama ungekuwa katika baraza lile, ungemjibuje mgombea kwa namna ambayo angeondoka akiwa ameheshimiwa, hata kama hakupata mimbari? Andikeni jibu hilo kwa sentensi mbili au tatu, kisha lisomwe mbele ya darasa.

5. Juma hili, chagua kiongozi mmoja wa serikali na kiongozi mmoja wa imani nyingine katika eneo lako. Waombee kwa majina kila asubuhi. Sabato ijayo, waeleze wenzako kama maombi hayo yamebadilisha namna unavyowasema.